Dawa za Matone ya Macho na Masikio

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye ni tabibu mstaafu, mbele ya wahitimu na wanafunzi waliokutana Kibaigwa. Yamechapwa kama alivyoyasema.)



Katibu wetu aliponiandikia barua alisema nimepewa nusu saa, nami nichague jambo lolote la afya. Wenzangu wa rika langu walidhani nitazungumza juu ya shinikizo la damu, maana vichwa vingi ninavyoviona katika safu za mbele vina mvi. Mimi nimechagua kichupa. Ndicho hiki nilichokishika. Kinaenea katika kiganja cha mtoto, na nina hakika nikipekua masanduku ya bwenini leo sitakosa kupata vitano au sita kama hiki, vingine vimefunguliwa tangu muhula uliopita, vingine havina hata kibandiko.

Nitaanza na kisa ambacho baadhi yenu wa darasa letu mnakijua nusu. Nusu ya pili sijapata kuisema hadharani.

Tulipokuwa kidato cha tatu tulikwenda kuvuna mahindi shambani mwa shule. Rafiki yangu, tuliyelala naye vitanda vya jirani, alichomwa na jani la hindi jichoni. Mnajua jani la hindi lililokauka lilivyo. Lina makali kama wembe. Jioni jicho likawa jekundu, linatoa machozi, naye hawezi kutazama taa. Mimi nilikuwa na kichupa. Mjomba wangu alikuwa amenipatia likizoni, kwa sababu macho yangu huwasha sana wakati wa vumbi, nacho kilikuwa kimenifaa. Nikamwambia rafiki yangu, “Ya nini kusumbuka kwenda zahanati? Dawa hii hapa.” Nikamtonesha mwenyewe, matone matatu au manne, maana nilidhani wingi ndio nguvu.

Siku ya pili wekundu ulipungua. Siku ya tatu alicheza mpira. Nikajiona daktari, na nadhani hapo ndipo tamaa yangu ya kuisomea kazi hii ilipoanzia. Baada ya wiki moja na nusu hivi ikatokea doa jeupe mbele ya jicho, kama punje ya wali. Maumivu yalirudi kwa kishindo. Alipofikishwa hospitali daktari aliuliza swali moja tu la maana: “Umetia nini humo?” Kichupa kikaletwa, akakisoma, akanyamaza. Jicho lile halikuona tena.

Rafiki yangu yupo hapa leo. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, naye akanijibu, “Sema, lakini usinitaje jina, wajukuu wangu wasije wakadhani ulinipiga.” Basi simtaji.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha soma, ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimekifanya. Kichupa kile kilikuwa na dawa mbili zilizochanganywa. Moja ilikuwa kiuavijasumu, yaani antibayotiki. Ya pili ilikuwa ya jamii ya steroidi. Steroidi hupunguza uvimbe, wekundu na mwasho kwa haraka sana, na ndiyo maana watu huisifu. Lakini uvimbe na wekundu ni dalili kwamba mwili unapigana. Steroidi huwaambia askari wa mwili warudi kambini. Jani la hindi aghalabu huacha jichoni vijidudu vya jamii ya kuvu, na kuvu hauuawi na antibayotiki hata kidogo. Kwa hiyo nilimpa rafiki yangu dawa moja isiyomgusa adui, na nyingine iliyomfungulia mlango. Jicho likaonekana limepona kwa nje, huku ndani kidonda kinakula kioo cha mbele cha jicho, kile ambacho madaktari hukiita konea.

Nayasema haya hasa hapa Kibaigwa. Kila mwaka baada ya mavuno malori hujipanga sokoni, mashine za kupukuchua hunguruma, makapi huruka, na makuli hupita na magunia mabegani huku macho yao yamejaa vumbi. Baadhi yenu wahitimu ni wenye malori hayo na mashine hizo. Mtu wako akichomwa na jani au akiingiwa na kapi, mwambie asifikiche. Amwoshe mwenzake kwa maji safi mengi. Kama baada ya hapo jicho bado linauma, au halitaki mwanga, au linaona ukungu, au lina doa, mpeni nauli aende kwa mganga wa macho siku ile ile. Asipitie dukani kwanza. Hospitali ya Mvumi, katika mkoa wetu huu wa Dodoma, ina sifa ya tiba ya macho tangu zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980 alikuwapo pale daktari Mwingereza, Allen Foster, ambaye pamoja na wenzake aliandika juu ya watoto wa Tanzania waliopata vidonda vya konea. Surua na upungufu wa vitamini A vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Lakini miongoni mwa sababu zilikuwamo pia dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mimi siwadharau waganga wetu wa jadi. Nasema tu kwamba jicho ni mahali pembamba sana pa kufanyia majaribio, yawe ya majani au ya chupa ya dukani.

Sasa, vijana, mtauliza: tutaijuaje hiyo steroidi? Someni kibandiko. Jina la dawa linaloishia na herufi “-sone” au “-lone”, kama vile deksamethasoni na prednisoloni yanavyoandikwa kwa Kiingereza, ndilo hilo. Si sumu, madaktari wa macho huitumia kila siku na huokoa macho kwayo, lakini wao kwanza hulichungulia jicho kwa chombo chao. Wapo wenzenu ambao macho huwasha kila wakati wa vumbi, nao hununua chupa baada ya chupa ya dawa hii, mwaka mzima. Hao huweza kupata presha ya jicho na mtoto wa jicho wangali vijana, na presha ya jicho haiumi mpaka imekwisha kuiba sehemu kubwa ya kuona.

Si kila jicho jekundu linataka antibayotiki. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mnakumbuka macho mekundu yalivyotapakaa, Dar es Salaam kwanza kisha mikoa mingine. Wizara ya Afya ilieleza kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa virusi, ikawaonya watu wasijitie dawa wasizoandikiwa na tabibu. Virusi haviuawi na antibayotiki. Jicho la namna hiyo hutoa maji zaidi kuliko usaha, huambukiza upesi, na kwa kawaida hupona lenyewe katika wiki moja au mbili kwa kunawa mikono, kutumia kitambaa chako peke yako, na subira. Jicho la bakteria aghalabu hutoa usaha mzito wa manjano, na asubuhi kope zimeshikamana. Hilo ndilo matone kama ya kloramfenikoli, au mafuta ya tetrasaiklini, huweza kulisaidia. Kuna jambo moja lisilotaka kusubiri hata saa: mtoto mchanga wa siku chache anayetoa usaha machoni. Huyo ni wa hospitali leo, si kesho, maana baadhi ya vijidudu anavyovipata wakati wa kuzaliwa huweza kutoboa konea katika muda wa siku chache.

Ndugu zangu, tukizungumza juu ya dawa za macho katika wilaya hii ya Kongwa, hatuwezi kuuruka ugonjwa wa vikope, au trakoma. Dunia nzima ya wataalamu wa macho inalijua jina la Kongwa, na si kwa sababu ya karanga za Waingereza tu. Bibi yangu alikuwa na kibano kidogo alichokifunga katika pindo la khanga. Jioni aliniita nikae mbele yake, mimi mwenye macho mazuri, nimng'oe kope zilizopinda na kuingia ndani, zinakwaruza konea kila anapopepesa. Nilidhani ni jambo la uzee, kama mvi. Kumbe lilianza alipokuwa mtoto mchafu wa uso kama sisi sote, kwa kijidudu kinachobebwa na nzi, vidole na nguo, kikamrudia mara nyingi, kila mara kikiacha kovu ndani ya kope la juu. Makovu yakizidi, kope hujikunja.

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Bibi Sheila West, walifanya kazi hapa Kongwa pamoja na wataalamu wetu. Walikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana vikope. Kazi moja waliyoichapisha mwaka 1995 nataka muisikilize vizuri, kwa sababu inahusu dawa ile ile ya macho. Walichukua vijiji 6. Vyote vilitiwa mafuta ya tetrasaiklini machoni, kila siku kwa siku 30, kijiji kizima. Katika vijiji 3 wakaongeza kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa vijiji vilivyopata dawa pamoja na kampeni walikuwa na vikope vikali vichache kuliko wa vijiji vilivyopata dawa peke yake. Maana yake ni nini? Dawa ilikuwa ile ile. Lakini mafuta yanaua vijidudu vilivyomo jichoni leo. Hayamzuii nzi wa kesho atuaye juu ya tongotongo na kamasi.

Mtasema maji hayapo. Ndivyo akina mama walivyosema pia, na hawakusema uongo, wengine walitembea saa nyingi kufuata ndoo. Lakini walipoonyeshwa kwa kupima, waliona kwamba maji ya lita moja yanaosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani.

Ipo shida ya pili ya yale mafuta, ambayo sisi tuliofanya kazi zahanati tuliijua kabla ya watafiti kuiandika. Kwa mgonjwa mmoja mmoja mafuta yale hutakiwa mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Nani anatimiza wiki 6? Yanafifisha macho, yananata, na jicho huonekana limepona mapema. Mama hupaka wiki ya kwanza, kisha mrija huwekwa darini kumngojea mtoto mwingine. Ndiyo sababu dawa ya azithromaisini, inayonywewa mara moja tu, ilipokelewa kwa furaha. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipata kwa msaada, baada ya mpango wa kimataifa wa kupambana na trakoma kuanzishwa mwaka 1998. Wahitimu wengi hapa mlisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, mkapewa vidonge kwa kadiri ya kimo, mkacheka. Watoto walio chini ya miezi 6 waliendelea na mafuta. Vikope vimepungua sana tangu siku zile, na kope zilizokwisha kupinda hurekebishwa kwa upasuaji mdogo ambao bibi yangu hakuupata.

Nageuka sasa kwenye sikio, ambalo watu hulionea zaidi. Jicho likiugua, kila mtu huona. Sikio likitoa usaha miaka mitatu, mtoto huketi nyuma darasani, mwalimu humwita mzito wa kuelewa, naye mwenyewe huamini. Nimewapima wa namna hiyo wengi. Hakuwa mjinga hata mmoja, walikuwa hawasikii.

Kati ya nje na ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba, kiwambo cha sikio. Mtoto mwenye mafua akilia usiku kwa maumivu ya sikio, usaha uko nyuma ya kiwambo, na matone unayomtia hubaki mbele yake kama mgeni aliyefungiwa mlango. Huyo anahitaji kupimwa, na mara nyingi dawa ya kunywa. Kiwambo kikipasuka, usaha hutoka na maumivu hupungua; mama hushukuru, akidhani amepona. Usaha ukiendelea zaidi ya wiki mbili, hapo ndipo matone yana kazi, na matone yanayofaa ni ya jamii ya siprofloksasini. Yale ya jentamaisini na ndugu zake yana hatari: yakipita katika tundu la kiwambo huweza kudhuru sikio la ndani, na usikivu unaopotea hivyo haurudi. Kwa hiyo mwulize tabibu kabla, “Umeangalia kiwambo?” Akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Lakini matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki mahali. Kausha kwanza. Chukua kipande cha kitambaa safi laini cha pamba, kisokote kiwe kama utambi, kiingize sikioni taratibu mpaka kilowe, ukitoe, utie kingine, hata kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usikiache humo. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, mafuta ya taa, mafuta ya kula, yote hayo nimeyaona na yote nayakataa. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, au homa kali pamoja na shingo kukakamaa au kichwa kuuma sana, acha kila kitu ukimbilie hospitali, maana ubongo u jirani.

Sasa njooni tutazame namna ya kutia. Kijana mmoja aje hapa mbele. Asante. Nanawa mikono kwanza. Anatazama juu darini. Navuta kope la chini kwa kidole, linafanya kimfuko. Tone moja. Moja tu, kwa sababu jicho halina nafasi ya la pili. Litamwagika shavuni, nawe utakuwa umelipia kuosha uso. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho wala kidole. Sasa afumbe polepole, asikaze, nami nabonyeza pembe ya jicho penye pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isikimbilie kooni. Ndiyo maana wengine husikia uchungu mdomoni. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5. Na kama moja ni mafuta, yawe ya mwisho. Kwa sikio, shika chupa mkononi mpaka ipate joto la mwili, kwa kuwa dawa ya baridi hutia kizunguzungu. Mgonjwa alale ubavu. Mkubwa, vuta sikio juu na nyuma. Mtoto mdogo, chini na nyuma. Tia matone aliyoandikiwa, bonyeza mara kadhaa kile kidude kilicho mbele ya tundu, abaki amelala dakika chache.

Dawa ya sikio isiingie jichoni kamwe, itaunguza. Soma kabla ya kutia, si baada, hasa usiku. Chupa ni ya mtu mmoja. Tarehe uliyoifungua iandike kwa kalamu juu ya kibandiko, na baada ya wiki 4 uitupe hata kama imejaa nusu. Wenye magari, msiiache juu ya dashibodi. Matone ya kloramfenikoli hupenda ubaridi na jua letu huyaharibu. Na mkipewa siku 5 au 7, timizeni, kwa kuwa kijidudu kilichoponea chupuchupu ndicho kinachofundisha wengine namna ya kuistahimili dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliwaonya watu jambo hilo mwaka 1945, dawa yenyewe ikiwa bado ngeni.

Kabla sijakaa. Kiranja wa afya ameweka sanduku la karatasi pale mlangoni. Naomba baada ya chakula kila mwenye kichupa au mrija uliobaki, awe mwanafunzi au mhitimu mwenye gari pale nje, akitumbukize humo. Hatutauliza kilikuwa cha nani. Kesho asubuhi nitayapeleka yote zahanati yakaharibiwe inavyopasa. Rafiki yangu amesema yeye atakaa pale mlangoni kuhesabu.